Atomi Zilizopima Kibera

Kawangware tunanunua mahindi na maharagwe kwa gorogoro. Kama hujawahi, gorogoro ni lile kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili lililomaliza kazi yake ya kwanza likahamia sokoni. Kila mtu anajua gorogoro ni kilo mbili, na kila mtu anajua si kilo mbili. Kuna iliyogongwa nyundo kwa chini ikabonyea kwa ndani. Kuna iliyokatwa mdomo kidogo. Kuna muuzaji ambaye akikupimia, vidole vyake vinne viko ndani ya kopo pamoja na mahindi yako. Ndiyo maana wamama wa mtaa wanavuka barabara kwenda kwa mama fulani na kumwacha yule aliye karibu, na bei ni moja.

Naanza na gorogoro kwa sababu historia ninayotaka kusimulia ni ya fizikia ya kwantamu, na nikiiangalia vizuri naiona kama historia ya watu waliochoka na gorogoro. Nilisoma fizikia chuoni kwa miaka miwili kabla ya kutoka. Tulipewa fomula, tukapewa yule paka wa Schrödinger kwenye sanduku, tukaambiwa vitu vidogo vina tabia za ajabu. Kwamba yote yalianza na watu wa serikali wakibishana jinsi ya kupima taa, hilo nilikuja kulisoma mwenyewe baadaye, kwa simu, nikiwa nimelala na stima zimepotea.

Na kuna mahali historia hiyo inapita mlangoni kwetu kabisa. Ni Kibera, mwishoni mwa 2009, wakati vijana kumi na watatu wa huko walizunguka vichochoro na vifaa vya GPS mkononi wakachora mtaa wao. Kila hatua waliyopiga ilikuwa inapimwa na atomi zilizokuwa angani. Nitafika hapo. Lakini kwanza turudi wakati Nairobi yenyewe ilikuwa kambi tu ya reli.

Reli ilifika hapa mwishoni mwa Mei 1899. Mwaka huohuo, Berlin, profesa anayeitwa Max Planck aliandika jambo ambalo wakati huo halikushtua wengi. Alikuwa ameona kwamba ndani ya hesabu za joto na mwanga kuna namba chache ambazo hazitegemei mtu wala nchi, na kwamba kutoka kwa namba hizo unaweza kutengeneza vipimo vya urefu, uzito na wakati ambavyo vingeeleweka nyakati zote na kwa wote, hata kwa viumbe wasio binadamu wa sayari nyingine. Fikiria hiyo kitu. Huku kwetu wanapigilia misumari ya reli kwenye kinamasi, kule mtu anatafuta kipimo ambacho hata asiye binadamu angekikubali.

Sababu iliyompeleka huko ilikuwa ya kawaida sana. Miji ya Ujerumani ilikuwa inachagua kati ya taa za gesi na taa za stima, na ili uchague lazima ujue ipi inatoa mwanga zaidi. Kipimo rasmi cha mwanga cha Wajerumani kilikuwa taa ya Hefner, yaani utambi uliochoma kimiminika chenye harufu kama ya ndizi, na mwali ukiwa na urefu wa milimita 40 ndiyo hiyo, mwanga mmoja. Kusema ukweli ni koroboi iliyovaa suti. Mwali unacheza na upepo, unabadilika na unyevu wa hewa. Taasisi ya vipimo ya serikali ya Ujerumani ikaona hapana, tutafute kitu kisichobembelezwa. Wakachukua tanuri lenye tundu dogo, wakalipasha moto, wakapima mwanga na joto linalotoka tunduni. Tanuri kama hilo halijali limetengenezwa na nini. Kinachotoka kinategemea jotoridi peke yake.

Walipopima kwa makini, namba hazikukubaliana na fomula iliyokuwapo. Oktoba 1900 Planck akatoa fomula iliyokubaliana nazo, na tarehe 14 Desemba mwaka huo akasimama mbele ya wanafizikia wenzake Berlin na maelezo yake. Hesabu ilikubali kwa sharti moja, kwamba nishati haitoki kama maji ya bomba. Inatoka kwa vipande, na kila kipande kina ukubwa unaotegemea kasi ya mtikisiko wa mwanga wenyewe. Planck hakuwa mtu wa mapinduzi na kwa miaka alitamani angepata njia ya kuvikwepa vile vipande. Mwaka 1905 Einstein akasema mwanga wenyewe unasafiri kwa vipande, ambavyo leo tunaviita fotoni. Mwaka 1913 Niels Bohr akasema hata elektroni ndani ya atomi zina ngazi zake. Inaruka kutoka ngazi hadi ngazi, na kati ya ngazi hakuna pa kusimama.

Sasa shuka Kibera. Miaka hiyohiyo kuna kipimo kingine kilikuwa kimefika Nairobi, mnyororo wa mpima ardhi. Mnyororo wa Kiingereza una futi 66, na ukichukua eneo la mnyororo mmoja kwa minyororo kumi umepata ekari moja. Ni chuma, kwa hivyo jua likiwaka unarefuka kidogo. Unashikwa na mtu huku na mtu kule, na anayeandika kitabuni ni wa tatu.

Askari wa Kisudani waliopigania Waingereza katika jeshi la King's African Rifles walianza kuwekwa Kibera kuanzia 1904. Hao ndio Wanubi. Jina la mahali ni lao, Kibra, msitu. Mwaka 1918 eneo lile lilitangazwa rasmi kuwa ardhi ya jeshi, zaidi ya ekari 4,000. Wazee waliostaafu walipewa vyeti vya kulima na kujenga. Hati ya kumiliki hawakupewa. Miaka ya 1930 Tume ya Ardhi ya Carter ilipoulizwa hawa ni nani kwenye ardhi hii, jibu likawa ni wapangaji wa Taji. Unaona hapo ardhi ilipimwa vizuri sana, ekari kwa ekari, na watu walio juu yake wakabaki bila kipimo. Baada ya uhuru mitaa ya nyumba za mawe ikamegwa kipande baada ya kipande, Jamhuri, Lang'ata, Ayany, na kilichobaki katikati kikajaa wapangaji wa kila kabila, mabati kwa mabati. Kwenye ramani za watu wengi kilichobaki hicho kilikuwa nafasi tupu, au msitu.

Rudi Ujerumani kidogo, maana kuna jaribio moja ambalo siwezi kuliruka. Frankfurt, 1922. Otto Stern na Walther Gerlach walipasha fedha, ile ya pete, hadi ikatoa mvuke, wakapitisha mkondo mwembamba wa atomi zake katikati ya sumaku ya umbo maalumu, wakaweka kioo upande wa pili. Kila atomi ya fedha ni kama sumaku ndogo. Kwa akili ya kawaida, sumaku hizo ndogo zimeelekea kila upande, kwa hivyo zingepinda kwa viwango vyote na kuacha doa lililotandazwa. Stern alikuja kusimulia kwamba mwanzoni kiooni hakukuonekana kitu. Lakini mshahara wake ulikuwa mdogo na sigara zake zilikuwa za bei rahisi, zimejaa salfa. Alipokishika kioo akipumua moshi, salfa ikafanya fedha iwe nyeusi na alama ikajitokeza. Siku picha kamili ilipopatikana, mkondo ulikuwa umegawanyika mara mbili. Juu, chini. Katikati tupu.

Hapo ndipo kuna kiini cha mambo yote kuhusu kupima kwa kwantamu, na hapo ndipo watu wengi wa mtandaoni hupotea njia. Kabla ya sumaku, huwezi kusema atomi ile ilikuwa imeamua juu au chini. Swali la sumaku linailazimisha kujibu, na majibu yanayokubalika ni mawili tu. Huwezi kupata robo tatu. Manze, jamaa wa semina za mafanikio wamelichukua hili wakaligeuza kuwa eti ukiwaza pesa unaitetemesha dunia ikuletee pesa. Hakuna kitu kama hicho. Mawazo ya Stern hayakupinda atomi hata moja. Kilichopinda ni sumaku, na jibu lilikuwa lilelile kwa mtu mwenye pesa na kwa mtu wa sigara za bei rahisi.

Katika hilo kuna zawadi ambayo mpima ardhi hakuwahi kuwa nayo. Atomi mbili za aina moja zikiwa kwenye ngazi moja hazina tofauti hata ya kutafuta kwa tochi. Fimbo mbili za mita hutofautiana, gorogoro mbili hutofautiana sana, lakini atomi ya Nairobi na atomi ya London ni kitu kimoja. Huwezi kuigonga nyundo ikabonyea. Na kwa kuwa ngazi zake ziko mbali kwa kiasi maalumu, mwanga unaotosha kuirusha kutoka ngazi moja hadi nyingine lazima utikisike kwa kasi maalumu.

Mmarekani Isidor Rabi, aliyekuwa amejifunza kazi hiyo ya mikondo ya atomi kwa Stern mwenyewe, ndiye aliyeona kwamba hii inaweza kuwa saa. Alilisema hadharani mwaka 1945. Mwaka 1955 Waingereza wawili, Louis Essen na Jack Parry, waliwasha saa ya kwanza ya siziamu iliyofanya kazi vizuri kiasi cha kutumika, huko Teddington karibu na London. Siziamu ni metali laini, inayeyuka kwenye joto la mchana wa Garissa. Saa yenyewe ukielezewa hutaishangaa sana kama umelielewa jaribio la Frankfurt. Unapasha siziamu, unapata mkondo wa atomi. Sumaku ya kwanza inachagua zilizo kwenye ngazi moja. Atomi zinapita kwenye chumba chenye mawimbi ya maikrowevu, ndugu wa mwanga tusiyemwona. Sumaku ya pili inatenganisha zilizoruka ngazi na zilizokataa, kisha unazihesabu. Kama mawimbi yako yanatikisika kwa kasi sahihi, nyingi zinaruka. Yakikosea kidogo, hesabu inashuka. Kazi yako ni kukaa hapo unarekebisha ili hesabu isishuke. Ukifanikiwa, mawimbi yale ndiyo saa yako.

Mwaka 1967 dunia ikakubaliana kwamba sekunde ni mitikisiko 9,192,631,770 ya mwanga huo wa siziamu. Kabla ya hapo sekunde ilitolewa kwenye mwendo wa dunia, ambayo inazunguka kama matatu ya zamani, leo haraka kidogo, kesho polepole. Kisha 1983 mita nayo ikafungwa kwenye sekunde, ikawa umbali ambao mwanga unakwenda katika sehemu moja ya 299,792,458 ya sekunde. Na tarehe 20 Mei 2019 kilo ikaachana na kipande cha metali kilichokuwa kimefungiwa karibu na Paris tangu 1889, ikafungwa kwenye namba ya Planck. Kwa hivyo gorogoro ya Kawangware, ukiifuatilia juu, unapita kwa muuzaji, unapita kwa mizani yenye muhuri wa serikali, unapita kwenye maabara za KEBS pale South C, mpaka unafika kwa ile namba ya Berlin ya 1900. Njia ni ndefu na kuna mahali inakatika. Nyundo iko upande wetu wa mnyororo.

Nilipenda kufanya hesabu moja. Katika mtikisiko mmoja wa siziamu mwanga unasogea sentimita 3.26. Nyumba ya kawaida ya mabati, ile tunayoiita kumi kwa kumi, ina futi kumi kila upande, yaani mita tatu na kidogo. Mwanga unaivuka kutoka ukuta hadi ukuta wakati siziamu imetikisika mara 93 na nusu hivi. Ploti ya hamsini kwa mia, ile ndoto ya kila mtu wa Nairobi, ni mitikisiko 467 kwa 935. Huo si mfano wa kupamba maneno. Kwa sheria ya vipimo inayotumika sasa, hivyo ndivyo futi ya ploti yako inavyopata maana yake.

Na hivyo pia ndivyo GPS inavyofanya kazi. Setilaiti ziko zaidi ya ishirini, kilomita 20,200 hivi juu yetu, kila moja imebeba saa za atomi za siziamu au rubidiamu. Kila moja inapiga kelele ileile muda wote: mimi ni fulani, niko hapa, saa ni hii. Kifaa chako mkononi kinalinganisha saa za setilaiti nne na kutoka hapo kinajua uko wapi, maana mwanga unachukua muda kufika. Tatu zingetosha kama kifaa chako kingekuwa na saa nzuri. Saa yake ni ya bei rahisi, kwa hivyo ya nne inatumika kuirekebisha. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Kwa watu wa Kibera, hiyo ni kusema uko Makina kumbe uko kijiji cha pili. Hata Einstein anadai chake, kwa sababu saa zilizo juu, mbali na uzito wa dunia na zikienda kasi, hukimbia mbele ya zetu kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisiporekebishwa, ramani inateleza zaidi ya kilomita kumi kwa siku.

Setilaiti ya kwanza ya mfumo huu ilirushwa 1978, na mwenye mali ni jeshi la Marekani. Hapa ndipo hadithi inanikera. Atomi zilikuwa zinasema ukweli, lakini jeshi likawa linaharibu kwa makusudi mawimbi ya raia ili sisi wengine tupate jibu lenye kosa la hadi mita mia. Walikuwa na gorogoro mbili, moja ya wanajeshi na moja ya sokoni. Ile ya sokoni iligongwa nyundo mpaka usiku wa kuamkia tarehe 2 Mei 2000, ambapo Rais Clinton aliamuru waache. Ukienda Kibera na GPS mwaka 1999, kichochoro na kichochoro hungeweza kuvitofautisha kwa kifaa cha kawaida cha mkononi.

Kwa hivyo 2009 haikutokea kwa bahati. Raia walikuwa na miaka tisa tu ya kuambiwa ukweli. Erica Hagen na Mikel Maron, Wamarekani, walikuja na wazo la kuwafunza vijana wa Kibera kuchora ramani yao kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya bure ya dunia iliyoanzishwa Uingereza 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuongeza kitu. Mradi ukaitwa Map Kibera. Vijana walitoka vijiji tofauti, wakatembea Kianda, Gatwekera, Lindi, Laini Saba, Silanga, wakibonyeza kitufe mbele ya choo, mbele ya bomba la maji, mbele ya kanisa, kliniki, duka la dawa. Mistari ya miguu yao ikawa barabara kwenye kompyuta. Kwa wiki chache nafasi tupu ikajaa.

Haikuwa laini kama ninavyoieleza. Mabati yanaakisi mawimbi. Ishara ya setilaiti inagonga paa la jirani kabla ya kukufikia, inachelewa kidogo, na kifaa kinadhani uko pembeni. Unasimama mlangoni kwa mtu, simu inasema uko kwenye mtaro. Kichochoro cha mita moja kwa kipimo chenye kosa la mita kadhaa si mchezo, na ndiyo maana walitumia pia picha za kutoka angani kunyoosha mistari. Na watu walikuwa wanauliza: nyinyi mnaandika nini? Ni serikali? Mnataka kubomoa? Swali la haki kabisa. Mahali ambapo kila aliyewahi kuja na kipimo alifuatwa na mtu mwenye nyundo, kifaa cha GPS hakiwezi kuonekana kama rafiki siku ya kwanza.

Miezi michache kabla, usiku wa 24 Agosti 2009, kulikuwa na sensa. Matokeo yalipotoka mwaka uliofuata, Kibera ilikuwa na watu 170,070. Watu walicheka, wengine walikasirika, kwa sababu kwa miaka Kibera ilikuwa ikitajwa kuwa na watu milioni moja. Mashirika yalikuwa yameandikia wafadhili milioni moja. Wanasiasa walikuwa wamehutubia milioni moja. Maoni yangu: milioni haikuwa kipimo, ilikuwa sauti. Lakini 170,070 nayo ilitegemea mstari wa Kibera unaishia wapi na ni nani alifungua mlango usiku ule, na watu wanabishana nayo hadi leo. Watu si atomi. Ukimuuliza mpangaji swali lilelile mara mbili, mara ya pili ameshajua unataka nini.

Mimi hutembea kutoka Kawangware hadi Kibera mara nyingi, Naivasha Road, halafu Ngong Road, nateremka Toi hadi Makina. Safari moja nilikaa na haji mmoja wa Kinubi nje ya nyumba yake, nyumba ya udongo iliyosimama tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Nilikuwa namwonyesha mtaa wake kwenye simu, naelezea setilaiti, naelezea siziamu, nimechangamka kama mtu anayeuza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mjukuu wangu, hiyo simu inajua niko wapi."

"Ndiyo, haji. Karibu kabisa."

"Na inajua hapa ni kwangu?"

Nikamwambia hiyo haijui, haji. Akaniitishia chai.

Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta aliwakabidhi Wanubi wa Kibera hati ya ardhi ya jamii. Ekari 288. Walikuwa wameidai kwa karibu karne nzima, na wengi walilia siku hiyo kwa furaha ya kweli, wala sitaki kuidharau. Ila toa 288 kwenye zile 4,000 na zaidi za 1918 uone kilichobaki. Hakuna aliyekosea kupima. Ekari ya 1918 na ekari ya 2017 ni karibu kitu kimoja, tofauti yake ni ndogo kuliko unywele.

Mwaka mmoja baadaye, asubuhi ya 23 Julai 2018, buldoza ziliingia Kibera kupisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata. Nyumba zilianguka, shule zikaanguka, na makadirio yaliyotajwa sana ni ya watu 30,000 kuachwa bila makao. Wapima barabara walikuwa na vifaa vizuri kuliko vile vya vijana wa 2009, vinavyosikiliza setilaiti zilezile na kukosea kwa sentimita tu. Kila nyumba iliyokuwa ndani ya mstari ilijulikana ilipo. Alama za rangi nyekundu ukutani zilikuwa mahali pake sahihi.

Sasa wanafizikia wanataka kuibadilisha sekunde tena. Saa mpya zinazotumia mwanga wa kuonekana badala ya maikrowevu, kwa atomi kama za strontiamu, zimekuwa makini kiasi kwamba mwaka 2022 kundi moja la Colorado lilionyesha wakati ukienda tofauti kati ya juu na chini ya wingu la atomi lenye urefu wa milimita moja. Huenda mwaka 2030 siziamu ikastaafishwa. Saa kama hiyo ukiiweka mezani na nyingine sakafuni, zitakwambia meza ina urefu gani.

Barabara ya Kibera ilijengwa, na ina lami nzuri. Nilipoivuka mara ya mwisho nilisimama kando, karibu na ukuta wa mabati ulioachwa umekatwa wima kama mkate, nikafungua simu. Kile kidoti cha bluu kilikuwa kimezungukwa na duara hafifu, na simu ikaandika usahihi: mita nne. Ndani ya duara hilo nyumba ya kumi kwa kumi inaenea yote, na kitanda chake, na jiko, na nafasi ya kufungua mlango.